Marahaba Iliyobaki Ndani ya Kanga

Kitandililo, Makambako

Kwa mdogo wangu Benedikto, huko Manda,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitika, maana wewe hata ukiwa umenuna huwa unaitika. Goti lako la kushoto linakubeba? Wifi kikohozi kimemwachia, au bado analala ameketi? Na yule mbuzi mweupe mliyesema amepotea, amerudi au tayari kuna mtu ameshamla?

Sisi huku tupo. Baridi inaingia mpaka kwenye fizi. Asubuhi ukungu unakaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kuondoka. Mwanangu Sesilia amejifungua salama, mtoto wa kiume, yuko wiki ya nne, ananyonya kama mtu aliyedhulumiwa. Mjukuu wangu Furaha ameng'oka meno mawili ya mbele, akisema inatoka miluzi. Nimekupa habari njema kwanza ili haya mengine uyasome ukiwa umekaa. Kaa chini, Benedikto. Usisome umeegemea mlango kama kawaida yako.

Msije kumchukua Sesilia.

Ile safari ya wazee wanne uliyonitumia habari zake, izuie leo. Kama mmeshakaanga usipa wa ziwani wa kula njiani, uleni. Nilikosea. Sikukosea kidogo, nilikosea kama mtu anayepiga nyoka akakuta amepiga mkono wa mtoto. Toka juzi niliporudi kutoka Njombe sijapona mshtuko, chai naimimina nje ya kikombe.

Utasema, dada si ungepiga simu. Lakini yale maneno ya kwanza niliyaandika, ukayasoma mbele ya ukoo wote pale uani kwa baba mdogo Kasiano, watu wakayasikia kwa sauti yako. Nataka na haya uyasome palepale, kwa watu walewale, mpaka mwisho, hata pale ninapojitukana. Unajua shule sikukanyaga. Herufi alinipa katekista wakati wa mafundisho ya kipaimara, na ndizo hizohizo ninazozivuta hapa, siku ya tatu sasa. Kwa hiyo usiruke hata moja, zimenitoa jasho. Na simu ina sababu nyingine ya kuiacha, nitaisema mbele.

Niliandika kwamba mkwe wetu ananidharau. Niliandika ananipita kama kisiki, na kwamba mtu wa hivyo hastahili kukaa na mtoto wetu. Hayo niliyaona kwa macho yangu kwa miaka miwili, sikuyatunga. Sikiliza nilivyoyaona.

Adabu ya kwetu unaijua. Mama mkwe na mkwe hawatazamani. Tangu nilipokuja kumuuguza Sesilia ile mimba iliyotoka, nikabaki kumlea Furaha, nimekaa chumba cha uani chenye mlango wake, na nikikutana na huyu mtu nasogea pembeni, nageuza uso ukutani, navuta kanga mpaka puani, naongea kwa sauti ya chini kama mama alivyotufundisha. Jina lake silitaji, namwita Baba Furaha. Yeye ni Mkinga wa Iwawa, lakini alipooa kwetu aliambiwa adabu hiyo akaikubali, tena alikuwa anaishika vizuri. Kila asubuhi alikuwa anasimama kule kwenye pipa la maji, anainamisha kichwa, anasema, shikamoo mama. Nami nikigeukia ukuta, ndani ya kanga, naitikia marahaba.

Miezi ikaenda. Shikamoo zikawa mara moja kwa juma. Kisha zikaisha kabisa. Nikamwomba asogeze gunia la viazi lililoziba mlango wangu, akanipita akaingia ndani. Nikampa pole ya shangazi yake aliyefariki, hakujibu hata nusu neno. Sesilia akimwita kutoka jikoni mara tatu, kimya. Lakini rafiki yake Festo, mwenye sauti kama ngoma ya kanisani, akisema kitu kimoja tu barazani, huyu anageuka, anacheka, anajibu. Nikasema basi, nimemjua. Huyu wanaume anawasikia, wanawake tunamwagwa kama maji ya kuoshea vyombo. Ndipo nikachukua kalamu.

Sasa sikia.

Kazi yake ni kuchana mbao, kwenye zile mashine ambazo huku wanaziita dingdong. Gogo la paina linasukumwa kwenye msumeno wa duara, mmoja anasukuma, mwingine anapokea upande wa pili. Yeye ndiye msukumaji, na Festo ndiye mpokeaji wake. Kelele yake, Benedikto, ukikaa nusu siku unatoka meno yanauma. Tajiri wao aliwaletea vifuniko vya masikio, wakavitundika kwenye msumari, viko palepale vimejaa unga wa mbao. Si ujinga. Wachanaji wa huku wanakuambia msumeno unaongea. Ukipata moto au ukigusa fundo gumu, unabadilisha sauti, unalia wembamba, na mtu anayejua kazi anarudisha gogo nyuma kabla halijaruka. Ukiziba masikio utausikiaje? Na mkwe wetu ndiye waliyekuwa wanamsifu kuliko wote. Walikuwa wanasema ana sikio la msumeno. Miaka kumi na miwili amesimama pale na masikio wazi, asubuhi mpaka jioni, na sifa zake.

Jumatatu ya wiki iliyopita msumeno ulilia. Festo akausikia, akapiga yowe, acha, acha. Hakuacha. Banzi liliruka likamchana mwenyewe paja, na kipande kingine kikapita juu ya Festo kikaondoka na kofia yake. Kofia tu, ashukuriwe Mungu. Festo alikuja nyumbani, kofia iliyopasuka iko mkononi, akanisalimia kamwene mama kwa Kibena chao, halafu akasema mkwe wako leo alitaka kuniua, nimemwita niko hatua tatu, hakunyanyua hata jicho. Mimi moyoni nikasema, ona, kiburi sasa kinatafuta maiti.

Nesi aliyemshona hapa Makambako akasema paja litapona, lakini mtu asiyesikia yowe la hatua tatu apelekwe Njombe akapimwe masikio. Nilicheka. Nikamwambia, mwanangu, huyu anasikia, ila anachagua. Nesi akaandika karatasi hivyohivyo.

Nani ampeleke? Anachechemea. Ndugu zake wako Iwawa. Sesilia hawezi kutoa kichanga kwenye ukungu ule. Nikabaki mimi. Mama mkwe na mkwe, safari moja. Tulikaa kwenye gari yeye kiti cha mbele, mimi cha mwisho, na kule hospitali yeye ncha moja ya benchi, mimi ncha nyingine, nimetazama ukuta nikihesabu nyufa. Watu walidhani tumegombana. Hawakukosea sana.

Tukaitwa ndani. Mimi nikakaa kistuli cha mlangoni, nimejifunika, nimewapa mgongo. Daktari ni binti wa umri wa Sesilia, alikuwa na mafua, kwa hiyo amevaa barakoa. Akaanza kumuuliza. Unaitwa nani? Kimya. Una miaka mingapi? Kimya. Unafanya kazi gani? Nikasikia mtu wetu anasema, ndiyo. Nikakasirika mpaka masikio yangu mimi yakapata moto. Nikasema amekuja kunidhalilisha mpaka kwa mtoto wa watu.

Yule binti akasimama. Nikageuza jicho. Akasogea dirishani penye mwanga, akashusha barakoa mpaka kidevuni, akauliza kwa sauti ileile, haikuongezeka hata kidogo, unaitwa nani? Akajibu jina lake na la baba yake. Una watoto wangapi? Akasema wawili, mmoja mchanga. Daktari akapandisha barakoa. Mke wako anaitwa nani? Mtu wetu akatabasamu, akatingisha kichwa, kama anavyotingisha kwetu sote.

Daktari akanigeukia. "Bibi, huyu hasikii. Anasoma midomo."

Benedikto, wakati anasema hivyo, mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga.

Niliishika ile kanga kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Miaka miwili. Watu wote wa nyumba ile alikuwa anawaona midomo, mimi peke yangu nilikuwa nimemfungia mlango, tena kwa jina la adabu.

Wakampeleka kwenye kichumba kidogo chenye kuta nene, wakamvisha vitu masikioni, wakampa kitufe abonyeze kila akisikia sauti. Daktari akaniita nichungulie kioo. Sauti nyingine hata mimi niliziona zikipita kwenye mashine yake, taa inawaka, na yeye kule ndani amekaa kidole juu ya kitufe, anangoja, macho yametutazama. Anangoja kitu ambacho kimeshapita. Sijawahi kuona upweke kama ule.

Ukatoka mstari kwenye karatasi. Unakwenda sawa, halafu unaporomoka kama ile barabara ya kutoka Ludewa kushuka ziwani. Daktari akasema sauti nzito bado anazipata. Nyembamba zimekwisha: ya mkewe, ya mtoto, ya ndege, ya msumeno unapolia. Na yangu.

Nikauliza kama ni nta, tumtie mafuta ya vuguvugu kama tulivyokuwa tunafanya. Akasema nisithubutu, halafu akageuza ile kompyuta yake nione. Sikiliza sasa, maana haya yako ndani ya kichwa chako na wewe hujui.

Ndani kabisa, kupita ngoma ya sikio, kuna kitu kimejikunja kama nyumba ya konokono, si kikubwa kuliko punje ya njegere. Kimejaa maji. Humo ndani, kufuata ule mkunjo, kuna seli zimepangwa mistari kama matuta ya viazi yanayozunguka kilima: mstari mmoja upande wa ndani, mitatu upande wa nje. Na kila seli, juu ya kichwa chake, ina kishungi cha vinywele. Daktari alisema si nywele kama hizi za kichwani, ni seli yenyewe iliyojichomoza, ila hata wataalamu wanaziita nywele. Nikaziona kwenye picha iliyopigwa na chombo chao cha kukuza vitu. Benedikto, zimesimama kama wanakwaya. Vifupi mbele, vya kati nyuma yao, virefu nyuma kabisa. Nani alivipanga?

Si hivyo tu. Ncha ya kila kifupi imefungwa kwa uzi kwenye ubavu wa kirefu kilicho nyuma yake. Uzi mwembamba ambao hata ile picha iliuonyesha kwa shida. Mtu akisema neno, yale maji yanatikisika, vinywele vinainama kuelekea upande wa virefu, uzi unavutika, na uzi ukivutika unafungua mlango mdogo. Chumvi ya yale maji inaingia kupitia mlango ule, seli inashtuka, inapeleka habari kwenye mshipa, na wewe unasema nimeitwa. Ile mistari mitatu ya nje ndiyo imenimaliza. Seli zake zinarefuka na kufupika, zinarefuka na kufupika, ili kuikuza sauti ndogo iufikie ule mstari wa ndani. Nikamuuliza, unataka kuniambia zinacheza? Akasema zinacheza, bibi, hata sasa ninavyokusemesha zinacheza humo ndani mwako.

Nikashika sikio langu. Miaka sabini na kitu nimekaa na ngoma nzima kichwani, hakuna aliyeniambia.

Akafungua picha ya pili, ya sikio lililopigwa na kelele miaka mingi. Umeliona shamba la mahindi baada ya mvua ya mawe. Vimelala. Vingine vimegandana kama vimemwagiwa uji. Mahali pengine hakuna kitu, seli yenyewe imekufa, pamebaki kovu. Akasema vya sauti nyembamba vinakaa pale mlangoni sauti inapoingilia, ndiyo maana ndivyo vinavyoumia mapema. Vya sauti nzito vimejificha kule ndani kwenye ncha ya konokono. Kwa hiyo lile sikio la msumeno, lile walilokuwa wanalisifu, msumeno wenyewe ndio ulikuwa unalifyeka, na ulianza na vile vinavyousikia.

Mimi nikauliza swali la mtu ambaye hakusoma. Vitaota tena lini?

"Havioti, bibi."

Nikadhani hajanielewa. Nikamwambia nywele zinaota. Unakumbuka tulipomzika mama, tulivyokaa kwenye mkeka shangazi akatunyoa vipara, wewe ukalia kwa sababu ya wembe kuliko msiba wenyewe? Shangazi alisema nywele zikirudi na uchungu utakuwa umepungua. Zilirudi. Nimenyolewa kwa baba, nimenyolewa kwa mume wangu, nimenyolewa kwa watoto wangu wawili, na kila mara zilirudi. Hilo ndilo jambo pekee nililokuwa na uhakika nalo hapa duniani. Nikamuuliza tena, hata kimoja? Akasema hata kimoja. Ulivyozaliwa navyo ndivyo hivyohivyo, ukivimaliza umevimaliza. Kuna kifaa cha kuvaa sikioni kitakachomsaidia, tumepewa siku ya kurudi kupimiwa, lakini kifaa kinakuza sauti tu, hakioteshi kitu.

Halafu akasema neno ambalo mpaka sasa linanizunguka. Akasema kuku vyake vinaota.

Nikamwambia, kuku?

Kuku, akasema. Ukimharibia sikio leo, baada ya wiki chache seli nyingine zinazaliwa, vinywele vipya vinasimama, anasikia tena. Ndege wote ndivyo walivyo. Wataalamu wanahangaika kujua kwa nini wao waweze na sisi tusiweze.

Benedikto, kuku. Huyu tunayemkimbiza uani Krismasi. Huyu anayesahau mahali alipotaga. Yeye amepewa, mtu aliyebatizwa akanyimwa. Nilimkasirikia Mungu palepale kwenye kile kistuli, tena kwa maneno ambayo nitayaungama kwa padri, siyaandiki hapa.

Tukatoka. Baba Furaha akakaa ncha yake ya benchi, amenipa bega, kwa heshima. Nami nikasimama. Nikaenda nikakaa karibu naye mpaka magoti yakagusana. Akaruka, akataka kuhama, paja likamzuia. Nikashusha kanga mpaka shingoni. Bado ametazama sakafu. Basi nikafanya anavyofanya Furaha: nikamshika kidevu, nikamgeuza. Na hapa msomee baba mdogo Kasiano polepole asianguke, nikamtazama mkwe wangu usoni, mchana kweupe, mbele ya watu. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Miaka miwili nimekaa naye, sikulijua.

Nikamwambia, "Baba Furaha, shikamoo zako zote niliziitikia."

Alitazama mdomo wangu. Akatazama tena, kama mtu anayesoma bango la mbali. Kisha macho yakajaa.

"Mama," akasema, "nilidhani umekataa kuniitikia."

Unaelewa, mdogo wangu? Mtu anakuamkia kila siku, mwaka mzima, hasikii marahaba. Alimwuliza Sesilia, nimemkosea nini mama yako? Sesilia akadhani anamdhihaki mama yake, maana yeye alikuwa anasikia nikiitikia, akamjibu vibaya, wakalala wamepeana migongo. Mwishowe akaona salamu yake inanichukiza, akaniondolea. Aliiacha kwa adabu. Na mimi nikaandika barua kwamba hana adabu.

Nikamwuliza kwa nini alificha. Akasema mchanaji asiyesikia hapewi msumeno. Alijifunza midomo ya watu wote, kimyakimya: ya tajiri, ya Festo, ya mkewe, hata ya padri kule mbele. "Wako tu ndio sijawahi kuuona, mama."

Nililia, naye akalia. Nikamwambia na la barua, sikumficha. Nikasema nimewaandikia wazee wa Manda waje wamchukue mkeo. Akasema waje, ila akaomba wakae penye mwanga na waseme mmoja mmoja, apate kujibu. Angenitukana ningepumua.

Nyumbani nilimweleza Sesilia mlangoni kabla sijavua viatu. Alimpiga mumewe ngumi za kifuani, kisha akamshikilia palepale, kichanga kiko katikati yao kinapiga kelele ambazo baba yake hazisikii. Furaha akatutazama sote kama wajinga. Akasema mimi nilijua, ndiyo maana namshika. Na kweli, mtoto huyu kila akitaka kuongea na baba yake huwa anamshika kidevu kwanza, na mimi nilikuwa nampiga kofi la mkono nikisema mtoto gani hana heshima. Nimemwomba radhi. Amesema atanisamehe nikimpa sukari guru, nimempa.

Jana nilikwenda kwenye dingdong mwenyewe. Nikawasimamisha wale wanaume, nikawaambia habari za vinywele, za uzi, za mlango, za kuku. Walicheka. Mmoja akaniuliza, bibi umesomea wapi haya? Nikamwambia sikusoma, ndiyo maana nilikaa nikasikiliza. Festo hakucheka. Amevitoa vifuniko kwenye msumari, akavifuta unga, akavaa, na wamekubaliana alama: mkono juu, msumeno unazimwa. Mkwe wetu amehamishiwa kupanga mbao. Inamuuma. Anapita karibu na ule msumeno kama mtu anayepita kwenye nyumba aliyofukuzwa. Lakini anaamka, anakwenda.

Sasa kazi yako. Najua nimevunja mwiko. Kwetu, kabla mama mkwe hajamfunulia mkwe uso, wazee wanasema neno, mkwe analeta kuku, na mama mkwe anakunywa mchuzi uso ukiwa wazi. Sikungoja neno wala mchuzi. Kwa hiyo njooni, ile safari ya wazee wanne niliyosema izuiwe sasa ibaki, ila mje kwa kazi hiyo. Mkifika mlisafishe hili jambo, mniseme, nitapiga magoti. Kuku natoa mimi, maana aliyevunja ni mimi. Nimeshamnunua, nimemfunga mguu kando ya rundo la mabanzi. Nikigonga kijiko ndani, anageuza shingo kule nje. Namtazama, Benedikto, kwa mara ya kwanza maishani namwonea kuku wivu.

Mkija, msimsalimie mkwe kwa mgongo wala kwa mbali. Kaeni mbele ya uso wake. Msifoke, kufoka hakusaidii, kunaharibu tu mdomo. Na baba mdogo Kasiano apunguze masharubu, yamefunika midomo yote miwili, hata sisi wenye masikio tunamkisia.

Na ile sababu nyingine ya kutopiga simu. Hapa utaona haya mbele ya watu, soma tu. Wewe na hiyo mashine yako ya kusaga. Umeisimamia tangu nywele zako ni nyeusi, na kila nikikupigia unanifokea, nini, nini, sema, mpaka nikawa nadhani umenichoka. Nilishaanza kukununia na wewe. Sasa fanya hivi. Mwambie wifi asimame nyuma yako akuite kwa sauti ndogo, mara moja tu. Usipogeuka, usingoje wazee. Njoo kesho, nitakupeleka Njombe kwa yule binti. Nimeshamkosea mtu mmoja kwa jambo hili, na wewe ni mdogo wangu niliyekubeba mgongoni, sitakukosea wewe.

Nisalimie wifi, mwambie kikohozi asikifiche. Nisalimie baba mdogo Kasiano, ambaye amenisikia nikimtaja vibaya. Nisalimie mdogo wetu Yustina na mumewe mpiga kengele, naye mwambie akipiga asiweke kichwa chini ya kengele. Nisalimie mjane wa katekista wangu, mwambie herufi za mumewe bado zinafanya kazi.

Leo asubuhi, kabla sijaifunga barua hii, Baba Furaha alikuja na mguu wake mbovu mpaka mlangoni kwangu, hakusimama kwenye pipa. Akasema shikamoo mama. Nikaweka kanga kitandani, nikamtazama, nikasema marahaba, polepole, mdomo wazi, na mapengo yangu yote. Akasema imefika.

Dada yako,
Magreti, mama yake Sesilia